Fomu, saa, mzigo au odi: ushike njia gani kumtafuta mshindi kwenye mbio za farasi zisizo na viunzi

Waulize watu wanne wanaofuatilia mbio za farasi "leo nani anashinda?" na jiandae kupata majina manne. Wa kwanza atakufungulia rekodi za farasi za miezi sita akuoneshe nani alimpiga nani. Wa pili atakwambia achana na hadithi, angalia saa. Wa tatu ana kikokotoo mkononi, anatoa kilo hapa anaongeza kule. Wa nne anawacheka wote, anasema odi (namba za malipo ya dau, ikiwa ndogo farasi anapewa nafasi kubwa) zimeshasema kila kitu, kuumiza kichwa kwa nini. Na wote wanne kuna siku walipatia kweli, wanakuonesha mpaka picha, ila mikeka iliyochanika hiyo hawakuoneshi.

Sasa kama uko hapo katikati hujui umfuate nani, hii ni ya kwako. Mimi zote nne nimezipitia, na niseme mapema kwamba hakuna inayoshinda zingine kila siku, tatizo ni kwamba kila moja inajibu swali lake, na watu wengi wanaichukua njia ya swali moja wanaenda kujibia swali lingine halafu wanailaumu njia. Naongelea zile mbio bapa tu, farasi anatoka kwenye geti anakimbia mpaka mwisho bila kuruka kitu. Za kuruka viunzi ni dunia nyingine.

Tunapimia nini

Kila njia nitaipitisha kwenye vitu vilevile: inauliza swali gani, kazi yake ni kubwa kiasi gani (maana mwingine ana saa nzima, mwingine ana dakika kumi kabla geti halijafunguka), inang'aa kwenye mbio za aina gani, inakudanganya wapi, na inamfaa nani. Pia zote nazipitisha kwenye mbio moja ya kubuni ili tuone kwa macho.

Mbio yenyewe ni ya nyasi, mita 1600, farasi 9, ni hendikapu, yaani ile ambayo farasi mwenye uwezo zaidi anabebeshwa uzito zaidi ili wote wawe na nafasi. Usiku mvua imenyesha, ardhi imekuwa laini. Tunawaangalia watatu:

Radi, fomu 3-211, anabeba kilo 60, odi 3.0. Ushindi wake wa mwisho ulikuwa mita 1400, ardhi kavu.

Subira, fomu 54-32, kilo 56, odi 6.0. Hizo mbili za mwisho zote mita 1600, zote ardhi laini.

Kipanga, fomu 1-8076, kilo 53, odi 15.0. Huyu zamani alikuwa wa moto, sasa hivi hata wanaomfuatilia wameanza kumsahau.

Kwa mgeni, zile namba za fomu, yaani nafasi alizomaliza mbio zilizopita, zinasomwa hivi: ya kulia kabisa ndio mbio ya karibuni, kistari ni mpaka wa msimu mmoja na mwingine, na 0 maana yake alimaliza wa kumi au nyuma zaidi. Kwahiyo Radi kashinda mbili mfululizo, Subira anakaribia karibia tu, Kipanga... tutamfikia.

Njia ya kwanza: kusoma fomu

*Inauliza nini.* Nani alimpiga nani, na katika mazingira gani. Nusu ya pili ya hilo swali ndio yenye uzito kuliko ya kwanza, na ndio ambayo watu wanairuka. Mtu anaona 1 1 anasema huyu yuko kwenye fomu, basi. Umbali gani? Ardhi gani? Daraja gani? Kwenye uwanja wa kona kali au ulionyooka?

*Kazi yake.* Kubwa. Hapa hakuna njia ya mkato, unafungua mbio tatu nne za mwisho za kila farasi, unaangalia aliokimbia nao walifanya nini baadaye (aliyemaliza wa pili nyuma ya mtu ambaye wiki mbili baadaye kashinda mbio ya daraja la juu, huyo si wa pili wa kawaida), unaangalia urefu wa tofauti, na ukiweza unaangalia video. Video ndio inakuonesha kwamba yule wa tano alikuwa amefungiwa kwenye ukingo na joki (mpanda farasi) hakupata pa kupita mpaka mita 100 za mwisho. Kwenye karatasi ni 5 tu. Na kinyume chake, kuna farasi anashinda kwa urefu wa farasi mmoja, yaani kama mita 2.4 hivi, ukidhani kabanwa kumbe joki alishaacha kumsukuma mapema sana.

*Inapong'aa.* Mbio za farasi wakubwa wenye rekodi ndefu, na hasa pale mazingira yakiwa ya upande mmoja, mfano ardhi ya tope au uwanja wenye tabia zake. Uwanja wa Chester kule Uingereza ndio mfano wangu wa siku zote, ni kama duara dogo, mzunguko mzima unazidi maili moja kidogo tu, kona haziishi, kwahiyo kwenye mbio fupi aliyepangiwa geti la ndani anakuwa na faida kubwa sana na wa geti la nje anakimbia umbali mrefu zaidi mbio nzima. Farasi aliyemaliza wa nne pale akitokea geti la mwisho anaweza kuwa ndio aliyekimbia vizuri kuliko wote. Kinyume chake ni ule mkondo wa Rowley Mile pale Newmarket, maili nzima imenyooka kama rula, hakuna kona ya kumsaidia mtu. Epsom wanapokimbilia Derby, mbio kubwa ya Uingereza, nako kuna ule mteremko wa kuingia kona ya Tattenham, kuna farasi wazuri tu mwili wao haukubali kushuka kwa spidi huku wanakata kona, wanapoteza mizani. Haya mambo saa haikwambii wala odi haikwambii kwa maneno, fomu ndio inakwambia.

*Inapokudanganya.* Kwenye mnyororo. Unajua ule mnyororo, A alimpiga B kwa urefu wa farasi wawili, B alimpiga C kwa mmoja, basi A atampiga C kwa watatu. Ni tamu sana hiyo hesabu na inafeli mara nyingi mno, kwasababu kila pingili ilikuwa siku yake, ardhi yake, kasi yake, mzigo wake. Pingili mbili naweza kuvumilia. Ukifika ya nne hapo unajitungia. Kingine, fomu haina la kusema kuhusu farasi wa miaka miwili anayekimbia kwa mara ya kwanza, hapo unabaki na ukoo na jina la mkufunzi.

*Kwenye mbio yetu* fomu inakupeleka kwa Subira bila kupepesa macho. Umbali wake, ardhi yake, na kila akitoka anapanda nafasi, 4 kisha 3 kisha 2. Radi hajawahi kukimbia kwenye ulaini wala kufika mita 1600, kwahiyo ana maswali mawili kwa mpigo.

*Inamfaa* mtu mwenye muda, mwenye kumbukumbu, na ambaye anapenda kufuatilia uwanja mmoja au daraja moja kwa muda mrefu. Kama unaruka ruka leo nchi hii kesho ile, fomu itakutesa.

Njia ya pili: saa

*Inauliza nini.* Alikimbia kwa spidi gani hasa, ukiachana na aliokuwa nao.

Wazo lake ni zuri na rahisi. Kushinda mbio kunategemea umekutana na nani, unaweza kuwashinda wazembe ukaonekana simba. Muda hauna aibu hiyo. Mwaka 1973 farasi Secretariat alishinda Belmont Stakes, mbio kubwa ya Marekani, kwa urefu wa farasi 31, dakika 2 na sekunde 24 kwa maili moja na nusu kwenye mchanga, hapo hata ungefuta majina ya wengine wote ungejua tu kilichopita ni kitu gani. Kule Marekani njia hii imekuwa kama dini, mwandishi Andrew Beyer ndiye aliyeipa umaarufu kwa namba zake za spidi na tangu 1992 zinachapishwa kwenye gazeti la mbio Daily Racing Form kwenye rekodi za kila farasi.

*Kazi yake.* Hapa inategemea. Kama unachukua namba zilizoshapikwa na wataalamu, ni dakika mbili. Ukitaka kupika mwenyewe jiandae, kwasababu muda mbichi hauna maana hata kidogo, lazima ujue muda wa kawaida wa uwanja ule kwa umbali ule, halafu ujue siku hiyo ardhi ilikuwa inapunguza au inaongeza spidi, na upepo, na kama ukingo ulisogezwa.

Mimi nilianzia hapa kwasababu napenda namba, na msimu mzima nilichana mikeka mpaka nikaanza kuona kama kuna mtu kaniroga. Kumbe nilikuwa nachukua muda wa siku kavu nauweka pembeni ya muda wa siku ya tope kana kwamba ni kitu kimoja! Kosa la kitoto lakini nimeona watu wengi bado wanalifanya. Njia rahisi ya kujiokoa ni kulinganisha mbio za siku moja kwenye uwanja mmoja, maana ardhi ni ileile na upepo uleule. Kama saa nane farasi wa miaka mitatu kakimbia mita 1200 na saa tisa mkubwa wa daraja la juu kakimbia mita 1200 hizohizo taratibu zaidi, basi huyo mtoto muandike jina.

*Inapong'aa.* Mbio fupi, mita 1000 mpaka 1200, ambazo wanatoka getini wakiwa moto mpaka mwisho hakuna kutegeana. Na mbio za mchanga kwa ujumla, ambapo kasi ya mwanzo huwa kali. Pia kwa farasi wachanga wenye mbio moja au mbili tu, maana fomu yao haisomeki ila saa inaweza kukuonesha kwamba ushindi ule mmoja ulikuwa wa maana.

*Inapokudanganya.* Kwenye nyasi umbali mrefu. Unakuta farasi kumi wazuri wametoka kwa mwendo wa bibi harusi, hakuna joki anayetaka kuongoza, halafu mita 600 za mwisho ndio inageuka mbio. Muda wa jumla unatoka mbovu hata kama ndani yake kuna bingwa. Ndio maana siku hizi watu wanatafuta muda wa vipande, yaani kila mita 200 au 400 wanapima peke yake, Hong Kong kwa mfano wanaziweka wazi kwa kila mbio. Ukiwa na vipande, saa inarudisha heshima yake. Usipokuwa navyo kwenye mbio za mita 2400, mimi nisingeweka uzito mkubwa.

*Kwenye mbio yetu* saa inamchagua Radi. Tuseme ule ushindi wake wa mita 1400 ulikuwa wa sekunde 1.2 chini ya mbio nyingine ya daraja lilelile umbali uleule siku ileile. Ukichukua kwamba urefu wa farasi mmoja unapita kwa kama sehemu moja ya sita ya sekunde, hiyo ni tofauti ya urefu wa farasi saba. Si mchezo. Ila ilikuwa kwenye kavu, na saa haina jibu kuhusu leo itakuwaje kwenye ulaini.

*Inamfaa* mwenye akili ya namba na subira ya kutunza daftari, au anayefuatilia zaidi mbio za Marekani na mbio fupi.

Njia ya tatu: mzigo na retingi

*Inauliza nini.* Je, tofauti ya uwezo wao imelipwa sawasawa na tofauti ya uzito wanaobeba?

Kwenye hendikapu kuna afisa ambaye kazi yake ni kumpa kila farasi namba ya uwezo, ndio retingi yenyewe, na hiyo namba ndio inageuzwa kuwa mzigo. Uingereza pointi moja ni pauni moja ya uzito, kama nusu kilo pungufu kidogo. Kwa nadharia kazi ya yule afisa ikienda vizuri wote wanafika pamoja kwenye mstari. Kwahiyo wewe unachotafuta si farasi bora, unatafuta kosa la afisa. Hiki ndicho kinachowachanganya wageni wengi, anamuona mwenye retingi kubwa anadhani ndio chaguo, kumbe huyo ndio anabeba mzigo mkubwa kuliko wote.

*Kazi yake.* Ya wastani. Makadirio yanayotumika sana ni kwamba kwenye mita 1000 urefu wa farasi mmoja ni kama pauni tatu, kwenye maili ni kama mbili, na kadiri umbali unavyozidi inashuka kuelekea moja. Ukishika hizo tatu unaweza kupiga hesabu zako ukiwa umekaa popote. Ongeza vitu vidogo: farasi jike hupewa nafuu kwenye mbio nyingi anazokutana na madume (Uingereza mara nyingi pauni tatu), joki mwanafunzi naye anapunguziwa pauni 3, 5 au 7 kutegemea ameshashinda mara ngapi, na farasi aliyeshinda juzi kabla retingi yake haijabadilishwa anaongezewa adhabu. Halafu kuna umri. Wa miaka mitatu akikutana na wakubwa anapewa nafuu kwa kipimo ambacho chanzo chake ni Admirali Rous wa Uingereza karne ya 19, na nafuu hiyo inapungua kadiri mwaka unavyosogea na mtoto anavyokomaa.

*Inapong'aa.* Hendikapu za farasi wengi, umbali wa kati, farasi wa umri wa kati waliokimbia sana mpaka retingi zao zimekaa sawa. Na pia kinyume kabisa, kwenye mbio kubwa zisizo hendikapu, ambapo wa umri mmoja wanabeba uzito mmoja, hapo retingi inakuwa rahisi, mwenye namba kubwa ndio bora kwenye karatasi.

*Inapokudanganya.* Kuna sehemu mbili hapa, na zote zinauma. Ya kwanza ni farasi anayepanda. Afisa anapima kwa mbio zilizopita, farasi mwenyewe anakua, kwahiyo kila akiongezewa mzigo bado yuko mbele. Makybe Diva alishinda Melbourne Cup ya Australia mita 3200 mara tatu mfululizo, 2003 akiwa na kilo 51, 2004 kilo 55.5, 2005 kilo 58. Mtu wa kikokotoo angeweza kumuacha kila mwaka kwa sababu inayoeleweka kabisa na akakosa kila mwaka. Sehemu ya pili ni farasi anayeshuka. Retingi yake inashuka, anaonekana "kapunguziwa", lakini kapunguziwa kwasababu kachoka. Na tukumbuke namba yenyewe ni maoni ya mtu. Farasi Frankel wa Uingereza aliyestaafu 2012 na mbio 14 ushindi 14, kampuni ya Timeform ilimpa 147, orodha rasmi ya dunia ikampa 140. Vipimo vyao havilingani moja kwa moja kwahiyo usichanganye namba za nyumba mbili kwenye hesabu moja. Na cha kuchekesha, huyo Phil Bull aliyeianzisha Timeform 1948 alianza kama mtu wa saa, mtu wa hesabu tu, baadaye ndio akaona muda peke yake hautoshi.

*Kwenye mbio yetu* mzigo unakuelekeza kwa Kipanga. Alishinda msimu uliopita akiwa na retingi 78, leo ni 70. Pauni nane kwenye maili ni kama urefu wa farasi wanne za bure. Lakini swali ni lilelile, je ni yule wa 78 aliyelala kidogo au ni farasi wa 70 kweli? Mimi hapo ningeangalia kama kuna kitu kimebadilika, umbali mpya, mkufunzi mpya, kafanyiwa kuhasiwa, kavalishwa vifunika macho kwa mara ya kwanza, chochote. Bila badiliko lolote, 8076 ni 8076.

*Inamfaa* mtu mvumilivu ambaye hakasiriki akikosa mara saba akapata ya nane kwa odi nzuri. Kama kukosa mfululizo kunakupandisha presha, hii itakumaliza.

Njia ya nne: odi

*Inauliza nini.* Watu wote kwa pamoja, wenye fomu, wenye saa, wenye mzigo na wenye habari za zizini, wanaonaje?

*Kazi yake.* Ndogo kuliko zote. Gawanya 100 kwa odi unapata asilimia. Radi 3.0 ni kama 33, Subira 6.0 ni kama 17, Kipanga 15.0 ni kama 7. Ila jumlisha za farasi wote tisa utakuta zimezidi 100, tuseme 118, hiyo ziada ndio ya mwenye duka la kubeti. Ukigawanya kila moja kwa 1.18 Radi anarudi kwenye 28 hivi, Subira 14, Kipanga chini kidogo ya 6. Kwenye mfumo wa chungu kimoja, ambapo dau za wote zinawekwa pamoja, ule aliouanzisha Joseph Oller kule Ufaransa miaka ya 1860, wanakata fungu kwanza ndio walioshinda wanagawana kilichobaki, kwahiyo makato yapo vilevile ila yamejificha mahali pengine.

*Inapong'aa.* Kwenye mbio za wageni. Farasi wa miaka miwili kumi, saba hawajawahi kukimbia, hapo fomu hakuna, saa hakuna, retingi hakuna, lakini watu waliowaona asubuhi wakifanya mazoezi wapo na pesa zao zinaonekana. Odi ikishuka kutoka 10 kwenda 4 dakika za mwisho kuna mtu anajua kitu, au anadhani anajua.

*Inapokudanganya.* Anayepewa nafasi kubwa kuliko wote hushinda kama mbio moja kati ya tatu. Watu wanasikia hiyo wanafurahi, lakini maana yake anapoteza mbili kati ya tatu, na kwa odi anazolipa ukimfuata kila siku pesa inaisha polepole. Na wale wa odi kubwa sana ndio wabaya zaidi, kwa ujumla watu wanawapenda kuliko nafasi yao halisi inavyostahili. Anatokea mmoja kama Prince of Penzance, Melbourne Cup 2015, 100 kwa 1, joki Michelle Payne akawa mwanamke wa kwanza kuishinda, na ile picha moja inawafanya watu wasahau wenzake wote wa 100 kwa 1 ambao hata majina yao hatuyajui.

Tatizo kubwa la odi ni kwamba inakwambia nani halafu hapohapo inakutoza kwa kukwambia. Ukikubaliana nayo kwa kila kitu huna sababu ya kuweka pesa. Lakini usiidharau pia. Bill Benter, yule Mmarekani aliyetengeneza pesa nyingi Hong Kong kwa kompyuta, mfumo wake ulianza kufanya kazi vizuri pale alipochanganya hesabu zake mwenyewe na odi za watu wote. Yeye na mitambo yake yote bado aliona umma unajua vitu ambavyo yeye hajui.

*Kwenye mbio yetu* ni Radi tena, ila kwa 28 tu kwenye 100.

*Inamfaa* mwenye muda mfupi anayetaka kuelewa picha ya haraka, na pia mtu wa njia zingine tatu anayetaka kujikagua. Ukimuona wako ni bora na soko zima linampa asilimia 5, kabla hujajiita mjanja rudi uangalie umekosea wapi.

Na ile ya kumuangalia farasi kwa macho?

Kuna wanaosimama pale wanapozungushwa kabla ya mbio wanaangalia jasho, mwendo, masikio, misuli. Sijaihesabu kama njia ya tano kwasababu inahitaji umjue farasi mmoja mmoja, kuna ambaye hutoka jasho kila siku na bado anashinda, kuna ambaye jasho kwake ni ishara mbaya. Kama humjui, unachoona ni farasi mrembo tu.

Sasa wewe uko wapi?

Kama una dakika kumi na mbio iko mbele yako, anza na odi upate picha, halafu tumia fomu kwa swali moja tu: anayeongoza ameshawahi kukimbia umbali huu na ardhi hii? Hilo swali moja linaokoa watu wengi.

Kama mvua imenyesha au uwanja una tabia zake, fomu kwanza, saa weka pembeni kabisa. Kwenye ardhi nzito zile namba za spidi za siku kavu zinaanza kuwa kama picha za zamani za mtu.

Mbio fupi, ardhi kavu, au mchanga: saa. Na hapo usisahau geti, maana mita 1000 hakuna muda wa kurekebisha mwanzo mbaya.

Hendikapu ya farasi 16 au 20 ambayo hata wazoefu wanakuna kichwa, mzigo ndio wenye nafasi ya kukuonesha kitu ambacho wengine hawajaona, basi chuja kwanza kwa mzigo ubaki na watano, halafu fomu iwapunguze wafike wawili. Kwa farasi wachanga geuza, odi na jina la mkufunzi kwanza, saa kama ipo, mzigo mwishoni. Mbio kubwa za mabingwa wenye rekodi ndefu, retingi na fomu zinatosha.

Kama ndio unaanza kabisa, chagua njia moja na uwanja mmoja, andika chaguo lako kwenye daftari kabla ya mbio bila kuweka hata senti, mbio hamsini hivi. Utajua wewe ni mtu wa njia ipi bila kulipia ada. Na ukija kuweka pesa iwe ile ambayo ikipotea hakuna anayelala njaa, hili sio la kuzungushana.

Na kama njia zinakupa majina matatu tofauti, kama hapa kwa Radi, Subira na Kipanga? Kwa odi zile mimi ningemuegemea Subira kidogo kwasababu ya ardhi, lakini kiukweli mbio za namna hiyo mara nyingi naziacha zipite, naziangalia tu, halafu jioni naandika kwenye daftari mshindi alibebwa na nini, ulaini wa ardhi, spidi yake au zile pauni alizopunguziwa.